Maswali kwa Mchoraji: Jua la Mombasa halikusoma kitabu

Mwezi huu anayewajibu wasomaji ni mchoraji wa rangi za mafuta na akriliki. Studio yake iko ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani Kibokoni, Mji wa Kale.

Kila ninaposoma naambiwa studio lazima iwe na dirisha la kaskazini. Chumba changu kina dirisha moja tu, na linatazama kusini. Nihame? (Msomaji, Changamwe)

Usihame, mwanangu. Mimi nilihama. Nilikuwa na chumba kizuri Tudor, kodi nafuu, nikakiacha kwa ajili ya dirisha la kaskazini nililolisoma katika kitabu cha wachoraji wa Ulaya. Kule kwao jua hupita upande wa kusini, kwa hiyo mwanga wa kaskazini ni mtulivu. Sisi tuko nyuzi 4 kusini ya ikweta. Nilihamia Kibokoni Januari, nikafurahi kama bi harusi. Kufika Juni jua limejaa mezani, nyekundu niliyoichanganya saa tatu siijui tena saa nne, na jasho linadondokea turubai.

Ilinichukua mwaka mzima kutambua kitu ambacho nahodha yeyote wa jahazi angenieleza kwa kikombe kimoja cha kahawa: kwetu jua na upepo hupishana. Upepo wa kaskazi ukivuma, jua liko kusini. Kusi ikiingia, jua limehamia kaskazini. Sasa upepo ukigeuka nami nageuza meza. Dirisha lako litakufaa sana kuanzia Aprili hadi Septemba. Miezi iliyobaki tundika shuka jeupe la pamba. Kanga usitundike, hasa nyekundu, utachora kama uliye ndani ya papai.

Mimi ningeogopa ukuta kuliko dirisha. Nyumba yangu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu. Masika moja niliegemeza picha 11 ukutani, nikaenda Lamu harusini wiki tatu. Niliporudi zilikuwa na madoa meusi, madogo kama dengu, hadi ndani ya uzi. Nilizookoa ni 2. Siku hizi kila picha inakaa juu ya vipande vya mbao, na kati yake na ukuta mkono wangu unapita.

Akriliki inanikaukia kabla sijaichovya. Nifanyeje? (Msomaji, Mtwapa)

Tandaza kitambaa kilicholowa kwenye sinia, juu yake weka karatasi ya kuokea, rangi uiweke hapo. Itabaki mbichi siku nzima. Na feni ielekeze miguuni.

Je, wewe husubiri mzuka ukupande ndipo uchore? (Msomaji, Kisauni)

Kwanza nina merikani ya kufua. Nainunua Mtaa wa Biashara, naifua mara mbili itoke wanga, naipigilia kwenye fremu, kisha naipaka gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji. Ikikauka, nyeupe ya ukutani, matabaka matatu, na kila tabaka nalisugua kwa msasa. Ni kazi ya kuchosha na sitaki mtu anisaidie. Wakati nangoja tabaka la pili likauke, mkono umeshachangamka, nachukua picha ya jana iliyogeuzwa ukutani, naitazama. Mara nyingi nimeshaanza kuchora kabla sijajua kama nina mzuka au sina.

Unajuaje kwamba picha imekwisha? Mimi huharibu zangu kwa kuzidisha. (Mwalimu, Likoni)

Mwalimu, hapo umenigusa kidonda.

Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba kwa sababu dari limelala juu ya boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali. Siwezi kurudi nyuma hatua kumi nikaitazama kazi. Kwa hiyo nimetundika kioo cha kinyozi nyuma yangu. Nikigeuka naiona picha kinyumenyume, na kama iko mbali maradufu. Bega lililopanda au jahazi lililoinama visivyo huonekana papo hapo, hata kama jicho lilishayazoea kwa wiki nzima.

Lakini kioo hakijui samaki. Mwaka jana nilichora sinia la tasi wa Marikiti, wiki sita. Kioo kikasema sawa. Shangazi yangu akapanda ngazi na mahamri yake, akasimama mbele ya picha, akala hamri zima bila neno. Kisha:

"Tasi hawa wamevuliwa lini?"

Nikamwambia wa asubuhi, shangazi.

"Asubuhi ya lini?"

Nilinuna mpaka alasiri. Alipoondoka nikasogea karibu. Yale macho nilikuwa nimeyapitishia weupe mwepesi ili yang'ae, na nilijisifu kwa weupe ule. Kumbe jicho la samaki mbichi ni jeusi, angavu, limetuna. Likishafanya utando mweupe, mnunuzi hupita bila kuuliza bei. Nilikuwa nimeozesha sinia zima kwa kutafuta mng'ao. Nikachukua kisu nikaukwangua weupe wote, jicho baada ya jicho, nikaacha nukta moja kwa kila samaki, haizidi punje ya ufuta. Mkono ukatamani kuendelea na mapezi. Nikauficha mfukoni.

Kesho yake nikamwita tena. Alitazama, akainama, akanyoosha kidole kwa tasi wa juu kabisa.

"Fungu hili pesa ngapi?"

Nikaenda kuosha brashi.