Wi-Fi ikigoma kwenye Linux, kwanza jua imekwama wapi

Kama ndiyo kwanza unaanza Linux na Wi-Fi imegoma, usikimbilie kunakili amri za watu. Dawa ya kadi ya Wi-Fi ya Broadcom haiponyi kadi ya Intel, na ukichanganya madraiva (programu zinazoiwezesha Linux kuiendesha kadi) utajiongezea tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike lspci -nnk (kadi ikiwa ya USB, lsusb). Tafuta mstari wa "Network controller". Mwishoni utaona namba kama [14e4:4365]. Hiyo 14e4 ni Broadcom, Intel ni 8086, Realtek ni 10ec. Tafuta msaada kwa namba hiyo, si kwa jina la laptopu, maana laptopu za modeli moja huweza kutoka kiwandani na kadi tofauti.

Chini yake angalia "Kernel driver in use". Mstari huo usipokuwepo, kadi inaonekana ila haina draiva. Kwa hiyo 14e4:4365, kwenye Ubuntu utahitaji bcmwl-kernel-source, na kwenye Debian broadcom-sta-dkms. Intaneti ya kupakua utaipata kwa simu iliyochomekwa kwa waya wa USB. Ukishasakinisha na draiva bado haipandi, chunguza Secure Boot, ulinzi wa mashine unaokagua saini za programu inapowaka: ikiwa imewashwa, moduli (faili la draiva) isiyo na saini hukataliwa, na wengi huhangaika siku nzima hapa.

Draiva ipo lakini hakuna mtandao? Andika rfkill list. "Soft blocked: yes" huondoka kwa sudo rfkill unblock wifi. "Hard blocked: yes" ni swichi au kitufe cha kwenye mashine yenyewe, amri haitakusaidia.

Kisha soma sudo dmesg | grep -i firmware, yaani ujumbe wa mfumo kuhusu firmware (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe), na usome kwa utulivu. Kosa la -2 maana yake faili halikupatikana. Lakini draiva ya Intel, iwlwifi, hujaribu matoleo kadhaa kuanzia jipya kwenda la zamani, kwa hiyo mistari miwili mitatu ya -2 isikutishe ikiwa mbele yake kuna "loaded firmware version". Mstari huo usipokuwepo, sakinisha firmware-iwlwifi kwenye Debian, au linux-firmware kwenye Ubuntu.

Kama mashine ina Windows pia, izime Fast Startup upande huo (ile ya Windows kutojizima kabisa ili iwake haraka). Huweza kuiacha kadi katika hali ambayo Linux haiwezi kuiamsha, na hakuna draiva utakayobadilisha ikaondoa hilo.