Mama mdogo hajawahi kula kitimoto

Siku daktari aliposema mama mdogo ana mabuu ya tegu, mnyoo wa nguruwe, kichwani, nyumba yetu ya Majengo, Moshi, ilijaa minong'ono. Yeye ni Mwislamu, nguruwe hajawahi kumwonja. Shemeji mmoja akamuuliza mbele ya wageni alikuwa akijificha wapi. Mama mdogo akajifunika uso kwa kanga.

Fedheha ile haikumstahili. Ukila nyama ya nguruwe yenye mabuu isiyoiva vizuri, unapata tegu anayekaa utumboni. Mabuu ya kichwani hutokana na mayai, na mayai hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Ametoka chooni hajanawa kwa sabuni, akakukatia kachumbari: amekulisha. Mayai huanguliwa tumboni, mabuu yakasafiri kwa damu hadi kwenye misuli, macho, ubongo, na mara chache uti wa mgongo, ambako yanaweza kulegeza miguu. Mwaka 1992 madaktari waliripoti ugonjwa huu kwa Wayahudi washika dini wa New York, watu wasiogusa nguruwe kabisa.

Kabla ya kumfikia daktari, sisi tulipoteza miezi minane kwa kombe na mafusho tukidhani ni mashetani. Mama mdogo alianguka kwa degedege mara ya kwanza jikoni, mwiko mkononi. Jirani akampenyeza kijiko mdomoni, jino la mbele likavunjika. Tafadhali, msiweke kitu mdomoni. Mlaze ubavu, tazama saa. Degedege likipita dakika tano, mkimbizeni hospitali.

Baadaye duka moja la dawa lilimuuzia vidonge vya minyoo, akazidi kuanguka. Mabuu yakifa, ubongo huvimba pale yalipo. Kwa hiyo picha ya CT, ya kuona ndani ya kichwa, kwanza, kisha daktari ndiye aamue kama dawa ya minyoo inafaa, pamoja na ya kupunguza uvimbe na ya kifafa. Kwenye picha yake niliona vidoa vyeupe kama punje za mchele. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye maeneo mengi yenye ugonjwa huu, ambako nguruwe huzurura, tegu huyu husababisha asilimia 30 ya kifafa.

Na nyumba nzima ipimwe choo. Sisi tulipima saba. Aliyekutwa na tegu ni mimi, ninayekula kitimoto mjini na kukata kachumbari nyumbani. Daktari hakuweza kusema kama mayai yalitoka kwangu. Nilimweleza mama mdogo jioni ile ile. Alinishika mkono, akauliza kama nimeshameza dawa.