Maswali ya Wasomaji: Shokishoki wa bahari anadondosha miiba

SWALI: Habari kaka, niko Bagamoyo, nina tangi la kioo la lita 200, ndani kuna samaki wachache na shokishoki wa bahari mmoja, wale weusi wa miiba mirefu. Maji nachota ufukweni karibu na soko la samaki. Tangu masika yaanze amekuwa mzito, hatembei, halafu asubuhi nakuta miiba imelala kwenye mchanga kama sindano. Samaki wako poa tu. Nimtie dawa ya samaki?

JIBU: Mdogo wangu, dawa usitie kabisa! Dawa nyingi za samaki zina shaba, samaki anaweza kuistahimili ila shokishoki inamuua, na ikishanasa kwenye mawe na mchanga kuitoa ni kazi. Mimi nashuku maji. Mto Ruvu unamwaga hapo kaskazini mwa mji, masika ukijaa yale maji ya mto yanatanda juu ya bahari, sasa we ukichota ukingoni dumu lako linakuwa na chumvi pungufu. Samaki mwili wake unajirekebisha, shokishoki hawezi, chumvi ya nje ikishuka na ya ndani yake inashuka, ndo maana wenzie wako poa na yeye anaumia.

Tafuta haidromita, kile kifaa cha kupimia chumvi ya maji, upime, isome 1.024 mpaka 1.026. Ikiwa chini usiirudishe kwa siku moja, panda 0.001 tu kwa siku, ukibadilisha maji kidogo kidogo. Ongea na wavuvi wakujazie dumu wakiwa mbali huko nje, wakati wa masika maji ya ufukweni achana nayo. Na maji yakipungua kwa joto jazia maji yasiyo na chumvi, maana yanayopaa ni maji, chumvi inabaki palepale.

Kujua kama bado yuko hai vizuri, pitisha mkono juu ya tangi taa ikiwaka, mzima anageuzia miiba kule kwenye kivuli, na vile vimiguu vyake vinang'ang'ania kioo. Kama miiba imelala tu na hashiki kitu, mhamishie kwenye ndoo ya maji hayohayo yenye pampu ya hewa umwangalie humo, maana akifia tangini anaoza haraka na samaki watafuata. Mbebe kwa bakuli, usimshike kwa mkono, miiba yake ina sumu na inakatikia ndani ya ngozi.