Kusomesha watoto nyumbani Texas huku unapiga shifti za usiku

Wadada wa kwetu hapa Houston wananiuliza sana nimewezaje kuwatoa watoto shule wakati nafanya unesi usiku, na mi huwa nawajibu hiyo shifti ya usiku ndo imefanya iwezekane. Sheria ya Texas haikupangii mtoto aanze kusoma saa ngapi wala asome masaa mangapi. Nikirudi asubuhi nalala, baba yao anawapa uji anawatoa nje wakimbie kidogo, saa nane mchana nishaamka tunakaa mezani, saa kumi na moja tumemaliza, na hapo nimehesabu na muda wa kugombania penseli. Watoto wawili hawahitaji siku nzima, shuleni muda mwingi unaishia kwenye foleni na kunyamazishana.

Sasa kabla hujanunua hata daftari, jua sheria ya jimbo lako. Hapa Texas tuna bahati, mwaka 1994 Texas Supreme Court ilimaliza kesi ya Leeper ikasema shule ya nyumbani ihesabiwe kama shule binafsi, kwa hiyo huombi kibali, huulizwi cheti cha ualimu, na mtoto halazimishwi ule mtihani wa STAAR wanaofanya watoto wa shule za serikali za jimbo. Unatakiwa uwe na mtaala wa kweli, wa vitabu au video, wenye kusoma, spelingi, sarufi, hesabu na uraia mwema, basi. Ila kama mtoto yuko shule ya serikali usimkalishe tu nyumbani kimya kimya, watakuhesabia utoro. Waandikie barua au emaili kwamba unamtoa na utamsomesha mwenyewe, weka tarehe na sahihi, tunza kopi. Na tafadhali haya usiyabebe ukahamia nayo New York, kule unapeleka mpango wa masomo na ripoti nne kwa mwaka, na Pennsylvania kuna faili la kazi za mtoto na mtu wa kulikagua.

Pesa. Usinunue yale maboksi ya mtaala wa mwaka mzima, mtoto anaweza akakichukia kitabu wiki ya pili na hela ndo imeenda. Anza na kitabu kimoja cha hesabu, kadi ya maktaba ambayo ni bure, na Khan Academy, tovuti ya masomo ambayo nayo ni bure. Mpime kwanza yuko wapi, sio darasa alilokuwepo linasemaje, maana mtoto anaweza kusoma kama wa darasa la nne na kwenye hesabu bado wa la pili, na nyumbani hilo sio tatizo, unampa anachoweza unasonga nae. Gharama ambayo watu hawakuambii ni chakula! Shuleni wengi walikuwa wanakula asubuhi na mchana, sasa wote wako jikoni kwako, friji linafunguliwa utafikiri duka la Mangi. Na kama mwanao anapata tiba ya kuongea au msaada maalumu pale shule, fikiria mara mbili, huduma hizo nyingi utaziacha hukohuko.

Kiswahili kwetu ni somo kamili, mwalimu ni bibi yao Tanga kwa WhatsApp. Mchana wetu yeye kule keshalala, kwa hiyo anapigiwa saa tatu asubuhi ya huku ambayo kwao jioni, anawategea vitendawili na wakishindwa anadai mji kwelikweli, mara wampe Mombasa mara Arusha, watoto wamejifunza ramani ya Afrika Mashariki hivohivo bila mtu kuwafundisha. Shida yake bibi ni moja tu, kila mwisho wa mwezi lazima aulize mjukuu kawa wa ngapi darasani. Namwambia mama, kawa wa pili, anafurahi sana, simwambii wako wawili.

Mambo ya "watacheza na nani" mi hayanisumbui, kuna soka, kuna madrasa Jumamosi, kuna vikundi vya wazazi wanakutana bustanini.

Wenye watoto wakubwa ndo mnaogopa chuo, na hapo hofu ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Sheria ya Texas inavitaka vyuo vya serikali vimpokee aliyesomea nyumbani kwa vigezo vilevile vya wengine, na transkripti, yaani karatasi ya kozi na alama zake, unaandika wewe mzazi. Vyuo vingi vya jamii (community college) vinawaruhusu kuchukua kozi kabla hata hawajamaliza sekondari, na zile alama zinasaidia maana hazijatoka kwa mama. Kwa hiyo kuanzia darasa la tisa fungua faili, kila kozi andika jina, kitabu mlichotumia, tarehe ya kuanza na kumaliza, na alama, uandike wiki hiyohiyo, sio baada ya miaka mitatu unatafuta makaratasi chini ya kitanda.