VPN ilinisaidia Mei, mbona Oktoba iligoma?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani, Tandika, Dar es Salaam. Mtandao wa X ulipofungiwa Mei 2025, mdogo wangu aliniwekea programu ya VPN kwenye simu nikaendelea kusoma kama kawaida. Siku ya uchaguzi, 29 Oktoba, VPN ileile ikawa inazunguka tu. Picha ya gauni niliyomtumia bibi harusi kwa WhatsApp ilibaki na kale kasaa kadogo siku nzima, na kesho yake, na keshokutwa. Nikanunua bando jingine nikidhani limeisha. Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hukukosea popote. Kabla ya ukurasa huu nilifanya kazi kwenye mitambo ya simu miaka mingi, na jambo hili linaniuma.

Mei ulifungwa mlango mmoja. Mtambo ulitambua kwamba unaelekea X, ukakuzuia. VPN huifunga safari yako ndani ya bahasha na kuipeleka kwanza kwenye kompyuta iliyo nchi nyingine, kwa hiyo mtambo hauoni uendako. Oktoba ilizimwa intaneti yenyewe, na bahasha ya VPN nayo husafiri kwa intaneti hiyohiyo. Ukitaka kuvuka Kigamboni unaweza kuuficha mzigo ndani ya kapu, lakini pantoni isipoondoka, wewe na kapu lako mnabaki gatini. Bando lako lilikuwa zima. Juu ya kioo mtandao unaweza kusoma vizuri kabisa, kwa kuwa kushika mnara ni jambo moja na kupitisha data ni jingine.

Mdogo wako amekwambia kwamba tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, inataka watumiaji wa VPN watoe taarifa? Kanuni zinataja faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Naipinga kanuni hii. VPN hiyohiyo benki huitumia kulinda fedha zetu.

Lakini usiishie kwenye VPN, mwanangu. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, na uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Togo walizima intaneti Septemba 2017, wakati wa maandamano. Asasi za kule zikaishtaki serikali katika Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, na 25 Juni 2020 majaji wakasema kuzima kule kulivunja uhuru wa kujieleza, walalamikaji walipwe fidia.

Kesi kama hiyo hutaka tarehe na hasara. Chukua lile daftari lako la vipimo, ukurasa wa nyuma. Andika siku na saa kale kasaa kalipoanza, bei ya bando la pili, kazi zilizokupita, na lini picha ilifika. Namba za wateja nazo ziandike humo kwa kalamu, pamoja na mtaa wanakoishi, ili intaneti ikizimwa tena uweze kuwafikia.

Na yule bibi harusi, gauni lake alilipata?