Mwanangu, kabla hujapuliza filimbi

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo. Kibosho mvua imeshaanza, hapa mjini bado tunameza vumbi. Shangazi yako miguu inamsumbua kama kawaida yake, anakusalimu sana.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza uache kazi ya uhasibu hapo Arusha ukasomee ukocha wa riadha mwaka mzima, au ubaki kazini na ujuzi uuokote hukohuko uwanjani na hao watoto wako 14 wa Jumamosi. Hilo ningelijibu kwa simu. Lakini mwishoni ukaongeza: "Mama, mbona wewe hukusomea na watu wote wanasema ulikuwa kocha mzuri?" Maneno hayo yameniamsha saa tisa usiku, sikulala tena.

Wanaokuambia hivyo wanakumbuka vikombe vilivyopangwa juu ya kabati ofisini kwa mwalimu mkuu. Mimi nakumbuka mtoto mmoja wa Uru.

Neno langu unalijua. Wewe na kaka yako mlikuwa mkiliimba mezani hadi baba yenu, Mungu amlaze pema, anawanyamazisha: kocha ni macho. Bado nalisema. Mdomo na filimbi vinafuata nyuma. Kocha anayeanza utamsikia kabla hujamwona, mzunguko mzima anapiga kelele "Kaza! Kaza!" na mtoto maskini anakaza kweli: mabega yanapanda hadi masikioni, ngumi zinajifunga, shingo inatoka mishipa, na mwendo unapungua. Aliyekaa uwanjani miaka mingi anaanza kuona vidole. Unakumbuka majani ya kahawa? Kila mtoto jani moja kavu, alishike kwa kidole gumba na cha shahada, akimbie nalo mita 100. Akifika na jani zima, mikono ilikuwa imelegea. Akifika na unga, mwenyewe anajiona. Sikuwa na haja ya kusema kitu. Wewe ulifika na unga wiki nzima, ulipofikisha jani zima ukalala nalo chini ya mto.

Jani lile sikufundishwa na mtu, nililipata kwa kutazama. Kwa hiyo usidhani nadharau uwanja.

Ila macho nayo yana yake. Februari 1974 nilikuwa darasa la sita. Babu yako alitoka kusikiliza redio kwa jirani, akarudi karibu anakimbia: Filbert Bayi wetu, kijana wa Karatu, ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Dakika 3 na sekunde 32.2. Na aliongoza tangu mwanzo mpaka utepe, hata John Walker aliyemfuata naye alimaliza chini ya rekodi ya zamani. Tangu siku ile hakuna mtoto aliyetaka kuanza mbio taratibu. Sote tulikuwa Bayi kwa mzunguko mmoja, wa pili tumeshika mbavu. Nilipokuwa mwalimu niliwaacha wanafunzi wangu wafanye vilevile kwa miaka kadhaa, maana nilichokuwa nimekiona kichwani ni Bayi akiwa mbele. Maandalizi yaliyomwezesha kukaa mbele sikuyaona. Wanafunzi wangu walikuwa na mchakamchaka wa asubuhi tu.

Sasa huyo mtoto wa Uru.

Ni mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño. Uwanja wa shule ulikuwa umechimbika, tulichora njia upya kwa majivu. Alikuwa darasa la sita, msichana, mbio zake mita 800. Januari sketi yake ilifunika magoti, Mei magoti yako nje. Kukimbia kwake kulikuwa kwepesi hata walimu wasiopenda michezo walikuwa wanasimama dirishani. Nilishampigia hesabu ya wilaya, nikampigia na ya mkoa, na kusema kweli nilishamwona kwenye UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, ngazi ya taifa.

Mei hiyohiyo akaanza kuchelewa mazoezi. Nina kauntabuku langu la wakati ule, lile daftari lenye jalada la bluu. Nimelitoa stoo juzi. Nimeandika hivi, nakunakilia bila kubadilisha neno: "Anachelewa. Anadeki darasa ameinama, wenzake wamepiga magoti. Anashuka ngazi kwa upande. Uvivu umeanza."

Sentensi nne. Tatu ni za macho yangu. Ya nne niliitoa wapi?

Adhabu ya kuchelewa ilikuwa mizunguko miwili. Nilimpa. Nikamwambia mbele ya wenzake: "Hapa hatubebi wavivu." Akaikimbia yote miwili. Hakulia. Kwenye kona ya tatu aliinama akashika mguu chini tu ya goti, akainuka, akaendelea. Hilo nalo niliona, nikageuza uso nikaangalia saa yangu.

Wiki iliyofuata hakuja mazoezini. Alhamisi bibi yake akateremka kwa miguu kutoka Uru. Nilimwamkia, nikampa kiti, akakikataa, akasimama mlangoni na kanga yake mabegani. Akasema: "Mwalimu, mjukuu wangu kanisani hapigi goti, anasali amesimama. Goti linamuuma. Mvivu kwetu hatuna." Unajua Mchaga wa rika lile ukimwitia mtoto wake mvivu umemfanyia nini. Nilimjibu kwa adabu zote, nikamshukuru kwa kuja. Moyoni nikasema, bibi anamtetea mjukuu. Mtoto hakukimbia tena. Alimaliza darasa la saba, nikaacha kumwona.

Miaka mitatu baadaye ndipo nilipokwenda ile semina ya Arusha, siku tano, wewe ukabaki kwa shangazi ukalia sana. Kwa hiyo usiwaambie watu sikusoma. Siku ya tatu akaja mtaalamu wa fiziotherapia, akachora goti ubaoni. Msuli mkubwa wa paja unashuka, unapita juu ya pia ya goti, unaishia kwenye kano lililoshika kichwa cha mfupa wa muundi. Kwa mtu mzima pale pana mfupa mgumu. Kwa mtoto anayerefuka pale bado pana gegedu, laini. Mfupa unarefuka haraka, msuli unachelewa kuufuata, kwa hiyo unavutika kama kamba fupi, na kila hatua ya kukimbia, kila kuruka, unalivuta lile gegedu. Panavimba, panaota kinundu. Mtoto anaumia akikimbia, akishuka ngazi, na zaidi akipiga goti. Wasichana hupata mapema kuliko wavulana, kwa sababu wao hurefuka mapema.

Halafu akaandika jina: Osgood-Schlatter. Akasema madaktari wawili, Robert Osgood wa Boston kule Marekani na Carl Schlatter wa Zurich kule Uswisi, kila mmoja kivyake, waliueleza mwaka 1903.

Mwaka 1903, mwanangu. Miaka 95 kabla sijaandika neno "uvivu" kwenye daftari. Watu wenzangu darasani waliendelea kunakili, mimi niliweka kalamu chini. Nikauliza tiba. Akasema, mara nyingi ni kupunguza kukimbia na kuruka kwa muda, barafu, kunyoosha paja taratibu, na subira mpaka urefu utulie. Basi. Nilikuwa na uwezo wa kumpa vyote hivyo isipokuwa barafu. Nikampa mizunguko miwili.

Hapo utasema: basi Mama, jibu umeshatoa, macho hayatoshi, nisome. Na mimi usiku ule wa kwanza, nimelala Kaloleni kwa watu, nilisema hivyohivyo. Kocha ni macho, lakini haya macho yaliona kila kitu na hayakujua kitu. Bibi asiyejua kusoma aliona zaidi, kwa kuwa yeye alimwamini mtoto.

Lakini ngoja. Darasani mule tulikuwa wengi, na mchoro ubaoni ulikuwa uleule. Kuna mwenzetu mmoja alipata alama za juu kunizidi, akaendelea na mafunzo, akapanda ngazi zile za shirikisho la riadha la dunia. Nilikwenda kumtazama baadaye akifundisha. Hakuinua uso kutoka kwenye saa yake. Mtoto alikuwa anachechemea mbele yake, yeye anasoma sekunde. Cheti chake kilikuwa cha halali kabisa na goti alilisoma kama mimi. Mimi mchoro ule uliniingia kwa sababu nilikuwa na mtoto wa kuuweka juu yake. Ningeusikia mwaka 1995 ningenakili, ningefaulu, ningesahau.

Kwa hiyo uwanja kwanza, shule baadaye? Nimeandika hivyo kwenye karatasi nyingine jana nikaichana. Kwa sababu ada ya somo langu haikulipwa na mshahara wangu, aliilipa yule mtoto. Mtu akikuambia makosa ni mwalimu, muulize makosa hayo yalifanyika kwenye mguu wa nani.

Kilichobadilika kwangu baada ya Arusha ni kidogo tu, ukikitazama. Kauntabuku nikalipiga mstari katikati: upande huu "Nimeona", upande ule "Nadhani". Hakuna kuruka mstari. Ukiandika "anashuka ngazi kwa upande" upande wa kushoto, kulia unaweza kuandika uvivu, ukipenda, lakini unaandika na mengine mawili: labda anaumia, labda viatu si vyake. Kisha unakwenda kumuuliza mwenyewe. Dakika kumi za mwanzo wa mazoezi filimbi inakaa mfukoni, wanapasha misuli, mimi natazama tu. Kwa mtoto, neno moja kwa mzunguko mmoja, usimrundikie matano. Na kila muhula unapofunguliwa, kila mtoto ukutani, penseli juu ya kichwa, tarehe. Anayerefuka ghafla namwondoa kwenye kuruka na kwenye mteremko, hata kama mashindano ni wiki ijayo, hata kama mwalimu mkuu amenuna.

Zile alama za penseli kwenye fremu ya mlango wa stoo, zako na za kaka yako, mlidhani ni mapenzi ya mama. Ni mapenzi, sikatai. Ila kila nilipokusimamisha pale nilikuwa namwona mtoto wa Uru.

Nilimkuta, unajua? Sikuwahi kukuambia. Mwaka 2014, soko la Kiboriloni, nachagua raba za mitumba kwa ajili ya wanafunzi. Mama mmoja nyuma ya meza akaniambia, "Shikamoo mwalimu." Sikumtambua mpaka alipocheka. Nikamwomba radhi palepale, watu wanapita na mizigo yao. Akainua kanga kidogo akanionyesha, kile kinundu kipo mpaka leo chini ya goti, kigumu kama punje ya hindi kavu. Nilikigusa. Akasema hakimuumi tena, kiliacha alipofika kidato. Halafu akasema, "Ila mwalimu, mimi mbio nilizipenda." Akanifungia raba jozi sita, akakataa hela ya jozi moja.

Jozi ile sikumpa mtu.

Septemba ya 2025 uliponipigia usiku wa manane, unalia na kucheka, Alphonce Simbu wetu amechukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo, kilomita 42 na zaidi, yeye na yule Mjerumani muda uleule, 2:09:48, tofauti sekunde 0.03, nilifurahi mpaka nikamwamsha shangazi yako. Lakini simu ilipokatika nilikaa kitandani nikawaza jambo moja tu: alipokuwa mtoto kule Singida, siku alipochelewa, siku alipochechemea, ni nani aliyemtazama akaandika upande wa kushoto tu? Mtu huyo ndiye ningependa kumwamkia.

Sasa unataka neno langu kuhusu kazi. Ninalo, liko hapa ulimini, na nimeliuma tangu juzi. Nikikuambia acha, utaacha kwa sababu mama amesema, na mwaka wa pili pesa zikikata utalala ukinifikiria. Nikikuambia baki, utabaki na kila Jumatatu utafungua kompyuta ile ukinilaumu. Na watoto 14 si wangu, ni wako, siwajui hata majina. Kozi fupi, ile ya siku chache za likizo, hiyo nenda, hapo sibishani na mtu wala na mimi mwenyewe. Mwaka mzima ni jambo jingine. Naona ninakokwenda, acha niishie hapo.

Kauntabuku la bluu anakuletea kaka yako Alhamisi, nimelifunga kwenye kanga ya bibi yako, kanga irudi. Ule ukurasa wa sentensi nne nimeukunja pembe. Jumamosi ukifika hapo Sheikh Amri Abeid usiingie uwanjani kwanza. Kaa chini, waache watoto wako washuke ngazi za jukwaani wote, mmoja mmoja, kisha nipigie uniambie ni yupi anashuka kwa upande.

Mama yako