Jani Lililonitoa Aibu

Dada mmoja ameniandikia kwamba ameanza mihadhara ya mtandaoni ya visukuku vya mimea, yaani mabaki ya mimea ya kale yaliyohifadhika maweni, mara tatu, na zote ameishia somo la pili. Anauliza mimi niliwezaje. Dada yangu, mimi nilikwama somo la nne, nikakaa miezi saba.

Nilikuwa karani wa mizani, malori ya makaa ya mawe ya Mbinga yakinipita mchana kutwa. Usiku nanunua bando, nasikiliza habari za Lepidodendron na Calamites, miti ya vinamasi vya Ulaya na Marekani ya miaka zaidi ya milioni 300 iliyopita. Nikakariri. Siku moja nikamwambia mhandisi, kifua mbele, kwamba haya makaa yetu yametokana na miti hiyo. Akacheka mbele ya madereva: "Karani, pima magari."

Bado inaniuma, hasa kwa kuwa nilistahili kuchekwa. Makaa ya kusini mwa Tanzania ni ya zama za Permi, kati ya miaka milioni 300 na 250 iliyopita, na huku Gondwana, bara kuu la kale la kusini, mti uliotawala ni Glossopteris, wenye jani mfano wa ulimi. Ulipukutisha majani kwa msimu, yakalundikana kinamasini, maji na tope vikayafunika, hewa isifike, yasioze, hatimaye yakawa makaa. Jani hilo limo pia India na Australia, maana mabara hayo yalikuwa yameshikana. Scott, mpelelezi Mwingereza, na wenzake walilikuta Antaktika mwaka 1912. Walikufa njiani wakiwa bado na mawe yao, karibu kilo 16, hawakuyatupa.

Nilirudi somo la nne, la Rhynie kule Scotland, ambako maji ya chemchemi za moto yenye silika, madini yanayounda mchanga na kioo, yaligeuza mimea kuwa mawe miaka milioni 400 na ushee iliyopita, hata vitundu vyake vya kupitishia hewa vinaonekana. Safari hii nilizima sauti, nikasimamisha picha, nikachora kwa penseli. Ndipo nikasikiliza.

Basi chora. Ukichoka, chora tena. Vijana mnakimbilia cheti, mnasikiliza mhadhara huku mnachati, kisha mnalalamika bando limeisha. Chora, nasema!

Mwezi uliopita dereva mmoja aliniletea kipande cha mwamba kilichochanganyika na mzigo wake. Juu yake jani la Glossopteris, mshipa mkubwa katikati, vishipa vimesukana kama wavu: nilikuwa nimelichora mara ishirini. Mhandisi alishahama. Jiwe nimelifunga kwenye gazeti, liko chini ya kitanda.